Nyati Walioukabili Moto kwa Pembe

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitika kama aliyenyimwa chakula? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Wadogo sogeeni mbele, wakubwa kaeni nyuma. Anayetaka kucheka acheke mwanzoni, maana huko mbele kicheko hakipo. Msije mkasema sikuwaambia.

Hapo zamani za kale, mbali sana, katika nchi ya Uchina, palikuwa na mto. Mto mkubwa, mto mpana, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Upande huu wa mto waliishi nyati. Upande ule, milimani, waliishi kima. Nyati wana pembe. Kima wana mikono. Kila mtu na chake, na kwa miaka mingi hawakugombana.

Mfalme wa nyati aliitwa Jinbo. Majina ya huko msiniulize maana yake, mimi nayasema kama nilivyoyapokea. Jinbo alikuwa na mdogo wake, Luwei. Hao ndugu walipendana! Wanakula pamoja, wanakunywa pamoja, mmoja akipiga chafya mwenzake anasema pole. Siku moja Luwei akavuka mto peke yake kufuata majani mabichi. Kima wakamwona.

"Huyu anakula kwetu bila hata hodi," wakasema.

Wakasukuma jiwe. Gulugulugulu, jiwe likashuka. Pu! Luwei akaanguka, hakuinuka tena.

Habari ikafika kwa Mfalme. Mfalme akalia. Alilia kwa sauti mpaka ndege wakahama miti ya karibu. Mimi simcheki kwa hilo. Ndugu ni ndugu.

Sasa sikilizeni mila ya nyati. Nyati akifa, wenzake hawaingii topeni. Hawagaagai, hawajipaki, wanakaa na ngozi kavu, jua liwe kali namna gani. Hayo ndiyo matanga yao. Siku ya kuanua matanga, mjane anaingia topeni kwanza. Chubwi! Kisha wanaingia wote, wanagaagaa, wanapiga gumzo, na maisha yanaendelea. Mila nzuri, siioni kasoro.

Mjane wa Luwei aliitwa Yulan. Siku zilipotimia, Yulan akaenda kwa Mfalme.

"Shemeji, siku zimetimia. Naomba niingie topeni."

"Hapana, shemeji."

"Hapana?"

"Matanga ya Luwei hayaanuliwi mpaka kima walipe. Kila dume mwenye pembe atavuka mto pamoja nami."

"Madume wote?"

"Wote."

"Shemeji, mume alikuwa wangu. Nimemlilia, macho yameniuma. Sasa nataka kundi liendelee. Ukiwavusha wote wakafia huko, sisi tutabaki kundi la namna gani? Nani atazaa, nani atatulinda? Msiba wangu ni mmoja. Usiufanye wa kila nyumba."

Mfalme akamtazama. "Umemsahau upesi hivyo?"

Jamani! Neno gani hilo la kumwambia mfiwa? Yulan akageuka, akaenda zake. Siku ya safari ikafika, na yeye akawekwa ndani ya msafara, maana matanga yakianuliwa huko huko vitani, ni lazima awepo wa kuingia topeni kwanza.

Wakavuka. Chubu, chubu, chubu. Madume waliujaza mto, wa mbele amefika ng'ambo na wa nyuma hajalowesha kwato. Majike na ndama wakabaki ukingoni wakitazama migongo ile nyeusi.

Kima walipoona jeshi, wakapanda juu ya majabali. Mkuu wao aliitwa Tengfa. Kima mwembamba, hana sauti, hana kifua, ukimwona hutasema ni mkuu wa kitu chochote. Nyati wakasimama chini ya jabali.

"Shukeni, wezi wa roho! Shukeni, wenye mikia mirefu!"

Kima wakachemka. "Mkuu, tushuke tuwapige!"

"Bado."

"Wanatutukana!"

"Waacheni. Matusi hayatoboi ngozi."

"Kumbe wewe unaogopa!" akasema kima mmoja.

"Naogopa, ndiyo," akasema Tengfa. "Wewe huziogopi pembe zile? Basi tangulia, sisi tutakuzika."

Yule kima akakaa chini.

"Sasa tunangoja nini, mkuu?"

"Tunangoja jua."

Wakangoja. Na jua likaja. Jua la kiangazi, jua la kupasua mawe. Leo jua, kesho jua, keshokutwa jua. Nyati na jua hawaelewani, wote mnajua. Nyati dawa yake tope, na tope walikatazwa. Ngozi zikakauka. Ngozi zikapasuka. Inzi wakaingia kwenye mipasuko, zzzz, zzzz, mkia ukichapa huku wanahamia kule. Na mto ule pale! Na tope lile pale, laini, baridi, linang'aa! Madume wanalitazama, wanameza mate.

"Mfalme wetu," wakasema, "tunaungua."

Jinbo hakuwa mfalme mbaya. Ndicho kinachoniuma mimi katika hadithi hii. Angekuwa mbaya ningemsema nikapumzika. Aliwatazama askari wake na roho ikamuuma. Lakini alikuwa ameshaapa.

"Tope hapana," akasema. "Luwei hajalipwa. Ila nawaonea huruma, wanangu. Ingieni kivulini."

Chini ya mlima palikuwa na msitu wa mianzi. Mianzi mirefu, imesongamana, imefuata bonde lote. Ndani kivuli, ndani baridi. Na chini majani makavu ya mianzi, yamejaa mpaka magotini. Nyati wakaingia. Kacha, kacha, kacha. Wakajitupa chini. "Aaah!" Msitu mzima ukasema "Aaah!" Wakamsifu Mfalme wao, mwenye huruma, baba wa wote.

Yulan hakulala. Akanusa huku, akanusa kule, akaenda kwa Mfalme.

"Shemeji, haya majani ni makavu. Upepo unashuka kutoka mlimani. Ondoa watu humu. Tukae wazi, karibu na maji."

"Kule kwenye jua?"

"Kule kwenye tope, shemeji. Acha niingie. Niingie leo, matanga yaishe, madume waoge, turudi kwetu."

"Kila siku una neno, shemeji! Tangu lini kima akamtoa nyati mahali? Wakishuka, tutafanya duara."

Ngojeni niwaeleze duara. Simbamarara akija, nyati hawakimbii. Wanapangana duara, bega kwa bega, wadhaifu katikati, madume nje, pembe nje. Kisha wanapiga kwato chini. Gubu! Gubu! Gubu! Pigeni na nyie. Gubu! Gubu! Haya, tosha, mtabomoa nyumba ya watu. Simbamarara anazunguka, anatafuta mwanya, haupati, anakwenda zake na njaa yake. Duara halijawahi kushindwa. Na nyati anayevunja duara huyo si nyati tena. Hata mama yake mzazi hapokei salamu yake.

Juu kwenye majabali Tengfa alitazama chini. Jana bonde lilikuwa jeusi kwa migongo ya nyati. Leo hamna hata mmoja, wote wamemezwa na mianzi. Kima wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Sasa," akasema.

Nyuma ya mlima ule binadamu walikuwa wakichoma mkaa. Kima wakaenda kwenye tanuri zao, kila mmoja na kigae chake cha chungu, kila mmoja akachota makaa mekundu. Nilisema nini? Kima wana mikono. Wakashuka taratibu, kimya, mchana wa jua la utosi, wakati nyati wanacheua na macho yamefumba. Wakajipanga juu ya bonde, upande unaotoka upepo. Wakamwaga.

Kwanza moshi mwembamba.

Dume mmoja akainua pua. "Nani anapika huko?"

Wenzake wakacheka. Hicho ndicho kilikuwa kicheko chao cha mwisho.

Upepo ukasema fuuu. Moto ukasema vuuu. Majani makavu, moto hauli huko, unakimbia! Kisha ukafika kwenye mianzi. Mwanzi ukiungua, pingili zake zinapasuka. Pa! Pa! Pa-pa-pa! Nyati wakaruka juu, macho mekundu, hawaoni kitu kwa moshi.

"Tumevamiwa! Tumevamiwa!"

Na Mfalme, kabla hajaona chochote, akanguruma kwa mazoea.

"Duara! Pembe nje!"

Neno likapokewa. Huyu akamwambia yule, yule akamwambia yule, bonde zima. Duara! Duara! Duara! Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Kila kikundi kikafanya duara lake, wagonjwa katikati, madume nje, bega kwa bega. Wakainamisha vichwa. Wakauonyesha moto pembe.

Gubu! Gubu! Gubu!

Msipige na nyie sasa. Acheni.

Moto una tumbo la kuchomwa pembe? Hauna. Moto una ubavu? Hauna. Moto unaogopa kelele za kwato? Moto haujui hata kwamba mko hapo.

Yulan akakimbia kati ya maduara. "Si simbamarara! Ni moto! Mtoni! Kimbieni mtoni!"

"Mama, tuvunje duara?"

"Vunjeni!"

"Mfalme hajasema, mama."

Manyoya yao yanaungua, na wanasema Mfalme hajasema! Yulan akapasua moshi mpaka kwa Jinbo.

"Shemeji, sema neno! Hawatatoka mpaka wewe useme. Watakufa wamesimama. Sema neno!"

Jinbo akatazama. Moshi ukafunguka kidogo, akaona. Akaona duara la kwanza linawaka, nao wamesimama. Akaelewa yote, jamani, akayaelewa kwa mara moja. Akafungua kinywa.

"Vunjeni! Vunjeni duara! Mtoni!"

Kwato zikasema gubu, gubu, gubu. Mianzi ikasema pa, pa, pa. Moto ukasema vuuu. Ile sauti iliyohamisha ndege siku ya msiba haikufika hata duara la jirani.

"Vunjeni, wanangu! Kimbieni!"

Wao walimwona kwa mbali, kichwa juu, kinywa wazi. Wakasema, "Mfalme wetu anatutia moyo!" Wakaongeza nguvu. Wakapiga kwato zaidi.

Akataka kuwaendea. Yulan akamzuia kwa pembe, akamsukuma kuelekea majini.

"Niache, shemeji! Niache nife nao!"

"Kufa ni rahisi. Nani atakwenda kuwaambia wake zao? Mimi? Nenda wewe. Uliwachukua wewe."

Akamsukuma mpaka mtoni, akamtumbukiza. Nyuma yao zile gubu-gubu zikapungua. Zikapungua. Ikabaki moja, mahali fulani ndani ya moshi, inapiga peke yake. Gubu. Gubu. Kisha nayo ikanyamaza.

Kima wakapiga ngoma juu ya majabali. Tumeshinda! Tumeshinda! Upepo ukageuka ukawaletea harufu. Wa kwanza akaacha kupiga. Wa pili akaacha. Tengfa akakaa chini, akafunika pua kwa mikono yake miwili, na mikono yenyewe ilikuwa inanuka moshi.

Jinbo na Yulan wakavuka mto. Wao wawili tu.

Upande wa pili majike walikuwa wameuona moshi. Walikuwa wamejaa ukingoni, na ndama miguuni pao.

"Shikamoo, Mfalme. Mume wangu yuko nyuma?"

"Mfalme, wanangu wako nyuma? Nilikupa wawili."

"Baba, mbona mto haujai? Wanakuja kwa njia nyingine?"

Jinbo akageuka kutazama nyuma, kama vile hata yeye alitaka kuona. Palikuwa na maji tu, yanakwenda zake.

"Hakuna aliye nyuma," akasema.

Ajuza mmoja, mkongwe, akauliza polepole, "Sasa tumlilie nani kwanza?"

Luwei? Siku ile hakuna aliyemtaja Luwei. Waliondoka mmoja mmoja na ndama wao, kila mmoja na njia yake. Jinbo akalala pale pale ukingoni, uso ameuelekeza ng'ambo. Wakamletea majani, hakula. Wakamwambia aamke, hakuamka. Siku chache baadaye akafa.

Na hakuna aliyemlilia. Si kwa chuki. Machozi yote yalikuwa yameshapata wenyewe.

Basi, wadogo kwa wakubwa, maana yake ni hii, nami siifichi: hasira hasara. Mkubwa akikataa kuumaliza msiba wa nyumba moja, ataupeleka nyumba zote. Na neno la mkubwa kulitoa ni rahisi. Kulirudisha, wakati mwingine hakuwezekani.

Hadithi yangu imeishia hapo, kando ya maji. Mwenye nyingine ya kuchekesha aipokee zamu, mimi leo sina.