Nguchiro na Foleni ya Skuta

Hapo zamani za kale, ingawa si kale sana maana pikipiki zilishakuwepo, wanyama wa Kichangani walikuwa wakingoja skuta. Sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio.

Skuta yenyewe ilikuwa ya wastani. Skuta ndogo walizozizoea zilikuwa na magurudumu kama visahani, zikiingia mchangani zinazama. Pikipiki kubwa nazo zilikuwa ndefu mno, mwenye miguu mifupi akisimama anaanguka nayo, pu! Hii mpya ilikuwa katikati. Picha yake ilibandikwa mlangoni kwa Kobe, wakala wa vyombo vya moto, na chini yake pameandikwa INAKUJA HIVI KARIBUNI. Picha ilishaanza kupauka kwa jua.

Hakuna aliyeitaka kama Bi Nguchiro, mkunga. Wajawazito wake walitawanyika vilimani, na yeye aliwaendea kwa miguu, mkoba kichwani. Mwaka uliopita aliitwa kwa Swala. Alikimbia mpaka pumzi ikamwishia, akafika akakuta watu wameketi kimya na mtoto amefunikwa. Tangu siku ile moyo wake haukutulia. Na sasa Swala alikuwa mjamzito tena.

"Kobe, imefika?"

"Iko bandarini, Bi Mkunga."

Kesho yake: "Kobe, imetoka bandarini?"

"Imetoka. Iko njiani."

Keshokutwa: "Njia gani hiyo isiyo na mwisho?"

Kobe akafikiri, akameza mate, akafikiri tena. "Njia ya kuja hapa," akasema.

Nguchiro alilizunguka duka, tuku tuku tuku, akachungulia barabara, akarudi, akachungulia tena. Chai ilimpoa mkononi. Vumbi likitimka mbali alisimama kwa miguu miwili, kumbe ni upepo tu.

Sasa, Kichangani walikuwa na desturi yao ya foleni. Kila mtu aliweka jiwe lake, lenye alama yake ya chokaa, kisha akaenda zake shambani. Jiwe lilimshikia nafasi. Jiwe likiondoka, na nafasi imeondoka.

Nguchiro ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka jiwe mbele ya mlango wa Kobe. Siku ya pili akaja Kifaru, kwaruu, kwaruu, anaburuta jiwe kubwa kama jiko. Akalisukuma la Nguchiro nyuma kwa pembe, akaweka lake. Fisi akaona mwanya, akachomeka lake. Wakaja na wengine, mpaka jiwe la mkunga likawa la tisa, la mwisho kabisa. Na Kobe alishasema kwamba mzigo wa kwanza una skuta moja tu.

"Bwana Kifaru, mimi nilitangulia," alisema Nguchiro.

"Ulitangulia jana. Leo nimetangulia mimi."

"Na skuta hiyo itakubeba kweli?"

"Nani kakwambia nitaipanda? Nataka nionekane nayo."

Nguchiro alikasirika mpaka manyoya yakamsimama, lakini angefanya nini? Kifaru ni Kifaru.

Asubuhi moja mume wa Swala alikuja mbio. "Bi Mkunga, mama watoto anasema mgongo umeanza kumvuta. Labda leo, labda kesho."

"Nakuja. Mwambie alale ubavu, na nakuja."

Wakati huohuo Nguchiro akasikia fyagio, shwaa, shwaa. Kobe anafagia mbele ya duka. Kobe, ambaye kwake vumbi lilikuwa kama ndugu! Kobe alifagia siku za kupokea mzigo tu, siku nyingine hata fyagio hakujua liko wapi. Wengine walimwona akifagia wakadhani ameamka vizuri.

Nguchiro akaelewa. Jiwe lake aliliacha palepale, mwisho wa foleni. Akavuka uwanja mpaka upande wa pili, kwenye ukuta mtupu wa nyuma ya mashine ya kusaga, ukuta usio na mlango wala dirisha. Akaweka mkoba wake chini, akaketi nyuma ya mkoba, akautazama ukuta kwa hamu.

Fisi hakuweza kuvumilia. "Bi Mkunga, hapa panatolewa nini?"

"Mimi nimekaa tu."

"Umekaa kwa nini?"

"Kuwahi."

"Kuwahi nini?"

"Bwana Fisi, tafadhali, usipige kelele, watu watasikia."

Basi hilo lilimmaliza. Fisi akarudi mbio kwenye foleni, akanyanyua jiwe lake, akaja nalo akihema. Mbuni akamwona Fisi. Ngiri akamwona Mbuni. Kila mmoja akimuuliza mwenzake, anajibiwa, "Njoo kwanza, utajua hukohuko." Mara kwaruu, kwaruu, Kifaru huyo na jiwe lake.

"Nani wa kwanza hapa?" akaunguruma.

"Mimi," akasema Nguchiro. "Mkoba wangu huu."

"Mkoba si jiwe. Huna nafasi hapa. Toka."

"Lakini Bwana Kifaru..."

"Nimesema toka."

Nguchiro akachukua mkoba, akainamisha kichwa, akatoka. Alitii, tena kwa adabu sana. Alivuka uwanja polepole mpaka nusu, halafu miguu ikamshinda, akakimbia.

Prrrr! Lori likapinda kona, likasimama mbele ya duka. Wakashusha skuta nyekundu, ya wastani, kiti kimefunikwa nailoni. Kobe akatazama chini. Palikuwa na jiwe moja.

"Hili la nani?"

"Langu," alisema Nguchiro. Akafungua pindo la kanga, akalipa, akapokea ufunguo.

"Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza!" alipiga kelele Kifaru kutoka ukutani.

"Jiwe lako liko wapi?" aliuliza Kobe.

Kifaru akalitazama jiwe lake, pale ukutani miguuni pake.

"Basi turudi tukangoje mzigo wa pili," alisema Fisi.

"Nenda wewe," alisema Kifaru. "Huoni Nguchiro alivyochukua skuta haraka ili tuvunjike moyo tuondoke? Kitakachotoka hapa ni kikubwa zaidi." Fisi akafikiri, akaona kweli, akajibana nyuma yake. Walioingia uwanjani mchana huo wakakuta foleni ndefu, wakaweka mawe.

Nguchiro hakugeuka nyuma. Skuta ilipita mchangani bila kuzama, na miguu yake ilifika chini kila aliposimama. Alifika kwa Swala mtoto akiwa ametanguliza miguu. Akanawa mikono, akamgeuza taratibu, akamtoa. Mtoto akalia, na mkunga naye akalia, wala hakuona haya.

Nami naishia hapa, wanangu, mkalale na hili: ukikuta watu wamepanga foleni, usiulize nani wa kwanza, uliza mlango uko wapi.