Chungu Kilichorudi Kitupu

Mmekaa?

Tumekaa!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi sogeleaneni, maana hadithi ya leo hata mimi ninayeisimulia inanitia baridi.

Hapo zamani za kale, wanyama wadogo wa bondeni walikuwa na kanisa lao, kanisa la udongo lenye mlango mmoja. Kila Jumamosi kanisa lile lilipika uji. Uji ulitiwa katika chungu kikubwa, na wanawake wawili wakakipeleka kivukoni, ili wasafiri waliotoka mbali wapate kunywa.

Huduma hii aliianzisha mama yake Digidigi, mwaka wa njaa kuu. Yeye ndiye aliyeweka masharti yake. Mkifika, imbeni, msafiri ajue ni ninyi. Wekeni chungu, kisha mkakae nyuma ya kichuguu mkiwa mmempa mgongo. Msimtazame mgeni akinywa, asije akaionea haya njaa yake. Akimaliza, chukueni chungu mrudi.

Sharti jema, siyo? Jema kabisa. Wengi walipona kwa uji ule.

Mama akafa. Digidigi akarithi chungu. Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa, mto ukahama. Ukakiacha kivuko cha zamani kuwa tope na matete, ukapita kule juu, penye gogo lililoanguka. Wasafiri nao wakaufuata mto, wakawa wanavukia kwenye gogo. Kila mtu alijua. Hata Konokono, asiyetoka kwake, alijua.

Lakini uji uliendelea kwenda kule kule kwenye matete. Na chungu kiliendelea kurudi kitupu.

Kila Jumapili, Mzee Ngiri, mkuu wa wazee wa kanisa, alikisimamisha chungu mbele ya waumini, akakipindua juu chini. Halikudondoka hata tone.

"Kitupu!" akasema.

"Haleluya!" wakaitikia, na vigelegele juu. Hakuna aliyeuliza nani kaunywa uji.

Basi Jumamosi moja Digidigi alibeba chungu pamoja na rafiki yake Pimbi. Pimbi alikuwa mcheshi, mwenye imani, na kitambaa chake chekundu cha kichwani hakikumtoka hata akienda kisimani. Walipofika kwenye matete wakaimba:

*Msafiri, msafiri, uji huu,*
*Umetoka mbali, keti unywe,*
*Msafiri, msafiri, uko wapi?*

Na sauti nene ikajibu kutoka ndani ya matete:

"Nipo. Wekeni. Ondokeni."

Wakaweka. Wakaenda nyuma ya kichuguu, wakageuza migongo. Wakasikia ulimi ukilamba: lwa, lwa, lwa. Wakachukua chungu, wakarudi. Jumapili kikapinduliwa. Kitupu! Haleluya!

Jumamosi ya pili, Digidigi akainama kwenye tope. Hakuona kwato za msafiri yeyote. Aliona nyayo za mnyama mmoja tu, mwenye kucha, za kwenda na za kurudi, mpya juu ya za zamani.

"Pimbi, tazama," akanong'ona.

"Shoga yangu, kwani mwenye kucha hasikii njaa?" Pimbi akacheka. Wakaimba. Sauti ikajibu:

"Nipo. Wekeni. Sogeeni karibu."

Hawakusogea. Waliweka chungu wakakimbilia kichuguuni, na Digidigi aliogopa mpaka meno yakagongana.

Jumapili akasimama kanisani.

"Wazee wangu, kule kivukoni hakuna wasafiri. Kuna mmoja tu, naye simjui. Naomba uji upumzike kwanza."

Kanisa likaguna. Mzee Ngiri akavua miwani.

"Mwanangu, mimi nilifika kivukoni pale nikiwa mtoto yatima. Uji wa mama yako ndio ulionilea. Chungu kimerudi kitupu, maana yake mtu ameshiba. Leo unataka kumzika mama yako mara ya pili?"

Digidigi akakaa. Aliyaogopa matete, lakini maneno yale aliyaogopa zaidi.

Jumamosi ya tatu alisema haendi. Pimbi akasema, "Basi nitakwenda peke yangu." Ndipo Digidigi akajitwika upande wake. Wakaimba. Matete yakajibu:

"Nipo. Wekeni. Mmoja abaki anishikie chungu. Naumwa."

"Maskini, ni mgonjwa," akasema Pimbi.

Digidigi akamvuta nguo. "Twende zetu, dada. Nakuomba."

"Mama yako angemwacha mgonjwa?"

Digidigi akaiachia nguo. Akaenda peke yake nyuma ya kichuguu. Na kama alivyofundishwa, akageuza mgongo.

Akasikia: lwa, lwa, lwa. Akasikia Pimbi akisema, "Pole, mgeni. Kunywa taratibu." Kisha kulamba kukakoma.

Shingo ilitaka kugeuka. Sharti la mama likaishika. Geuka, Digidigi! Nani hapa hasemi geuka? Lakini yeye alingoja, maana mgeni hatazamwi.

Alipogeuka, aliona matete yakitikisika na mgongo wenye madoa ukizama ndani. Fisi! Chungu kilikuwa kimelala ubavu, kimerambwa mpaka kinang'aa. Pimbi hakuwepo.

Digidigi alikimbia. Na kwa mazoea, mikono yake ilichukua chungu. Akaanguka mlangoni mwa kanisa, ulimi umefungwa, homa imempanda. Wakamlaza kwenye benchi. Asubuhi ya Jumapili alikuwa bado hasemi, na watu wakadhani Pimbi amepitia kwa dada yake.

Mzee Ngiri akakinyanyua chungu, akakipindua.

"Kitupu!"

Kikadondoka kitambaa chekundu.

"Hale..." wakaanza waumini, na neno likawafia mdomoni.

Ndipo ulimi wa Digidigi ukafunguka, akawaeleza yote. Wakalia. Mzee Ngiri akaanguka magotini.

"Tutume wanaume," akasema. "Wabebe uji na marungu."

"Mzee wangu," akasema Digidigi, "hata sasa bado unataka kupika? Mama aliwapikia wasafiri. Wasafiri wameondoka na mto. Tumekuwa tukimnenepesha Fisi, na juu yake tukapiga vigelegele."

Hakuna aliyembishia. Wakamshukuru Mungu kwa uji wote ulioponya watu, wakamtaja mama yake Digidigi kwa jina. Mwili wa Pimbi haukupatikana. Basi wakakitia kile kitambaa ndani ya chungu, wakakizika nyuma ya kanisa, na hilo ndilo likawa kaburi lake.

Jumamosi iliyofuata hapakupikwa kitu. Sauti ikaita toka kwenye matete: "Nipo." Wakafunga mlango. Jumamosi ya pili ikaita karibu zaidi: "Nipo." Wakashikana mikono. Jumamosi ya tatu ikaita nje ya ukuta, sauti nyembamba ya njaa: "Nipo." Hakuna aliyeimba. Fisi akaenda zake, na bondeni hakuonekana tena.

Digidigi akapanda mpaka gogoni, akawauliza wasafiri jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza: "Mnahitaji nini?"

Mama mmoja Paa akamjibu, "Uji tunao, dada. Gogo linateleza, na watoto wetu wanaogopa kuvuka."

Kanisa likafunga kamba pande zote mbili za gogo, likaweka zamu ya kuwashika watu mkono. Digidigi husimama pale mpaka leo. Bado anatetemeka, kwa sababu uoga wake haukuisha. Lakini hampi mtu mgongo tena. Kila anayevuka humtazama usoni kwanza, ndipo humpa mkono.

Ninyi mlionisikiliza, shikeni hili. Kazi njema ya wazazi ishukuruni, lakini kila mara nendeni mkatazame ni nani inamfikia. Ikiwa aliyekusudiwa hayupo tena, izikeni kwa heshima, kabla haijawazika ninyi.

Nimetua mzigo wangu, kichwa changu kimepumzika. Anayeondoka na atazame nyuma yake.