Siwatu na Majani Yaliyofungwa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti kama za wagonjwa? Na nyinyi watu wazima huko nyuma, itikieni. Ngano si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya, twendeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na dunia ya mbali, siyo hii yetu. Dunia hiyo ilikuwa maji matupu. Hakuna kisiwa, hakuna mwamba, hakuna hata mchanga wa kujaza kiganja. Ukienda huku, maji. Ukienda kule, maji. Juu, jua dogo jekundu. Chini, kiza, na hakuna aliyejua kiza hicho kinakoishia.

Juu ya maji hayo ulielea mwani. Mwani mwingi, umesukana, mpana kuliko mji. Wenyewe waliuita Jamvi. Hapo ndipo walipoishi wote, samaki na kasa, pweza na kaa. Hawakuwa na kwao kwingine.

Miongoni mwao alikuwamo kaa jike, jina lake Siwatu. Gando lake moja kubwa, jingine dogo. Siwatu hakujua kutulia. Wenzake wakilala, yeye kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, anazunguka ukingoni mwa Jamvi. Na siku hizo alizidi, kwa kuwa alibeba mayai tumboni na mayai yalikataa kuanguliwa. Maji yalikuwa yanapoa.

"Tulia, Siwatu!" wakamwambia.

"Nitulieje, na maji yanapoa?"

Sasa sikilizeni yalianzaje. Tangu zamani majani ya mwani yakizeeka yalikatika, yakazama kizani, yakapotea. Mkubwa wa Jamvi alikuwa Bwana Chewa, samaki mwenye mdomo mpana na tumbo pana. Siku moja akaona majani yanavyozama, roho ikamuuma.

"Mali yetu hiyo inapotea! Huko chini kuna nani? Hakuna mtu! Pweza, wewe una mikono mingi. Funga kila jani linalotaka kuanguka."

Pweza akafunga kwa nyuzi za mwani. Funga, funga, funga. Jamvi likanenepa. Watu wakashangilia, wakasema tumetajirika.

Kisha maji yakaanza kupoa. Mwani ukawa wa manjano. Chini ya Jamvi kukaanza kunuka. Vitoto vya samaki vikaelea tumbo juu, mama zao wakivisukuma kwa pua viamke, na havikuamka.

Siwatu akamwendea Mama Kasa, aliyekuwa akipiga mbizi mbali kuliko wote.

"Mama, lile joto lilikuwa likitoka wapi?"

"Chini, mwanangu. Nilikuwa nikilisikia hapa tumboni, fuu, linapanda. Sasa silisikii tena."

"Nipeleke."

"Una wazimu? Nina mwisho wangu. Nikifika hapo pumzi yangu inakatika."

"Nifikishe kwenye mwisho wako. Kutoka hapo nitaanguka mwenyewe."

"Na kupanda je? Kaa haogelei kupanda!"

Siwatu akagusa mayai yake kwa mguu. Yalikuwa baridi kama kokoto. Mama Kasa akamtazama, akamwinamishia mgongo.

Wakashuka. Mwanga ukawa kijani, ukawa buluu, ukawa haupo. Mama Kasa akasema kwa shida, "Hapa." Siwatu akaachia.

Tiii… tiii… tiii… Akaanguka. Akaanguka mpaka akadhani amesahaulika. Miguu yake ikatapatapa mahali pasipo kitu cha kukanyaga. Alijuta. Alimwita Mama Kasa, na Mama Kasa alikwisha kuondoka.

Kisha, tpu! Tope.

"Nani huyo?" sauti ndogo ikauliza.

"Mimi Siwatu, kaa wa juu. Na wewe?"

"Juu? Juu hakuna mtu," sauti ikasema. "Mimi Machano. Sisi ni uduvi. Hatuna macho, usijisumbue kututazama."

Siwatu akapapasa. Uduvi walilala topeni kwa makundi, wamekonda, hawajiwezi.

"Mna nini?"

"Njaa. Zamani chakula kilikuwa kikitunyeshea. Vipande laini, vitamu, vinashuka vyenyewe. Tukila, tunapata nguvu ya kuchimba. Hapa pana matundu ya moto, na tope huyaziba kila siku. Sisi ndio tunaoyazibua. Chakula kikakatika. Hatukujua tumemkosea nani. Sasa matundu yote yameziba."

Siwatu akakumbuka. Vipande laini vinavyoshuka. Yale majani! Na ule moto ndio joto la mayai yake.

"Hamkumkosea mtu," akasema. "Tumewanyima sisi. Hatukujua kama mpo."

Machano akamsogelea. "Umetuletea chochote?"

Siwatu hakuwa na jani. Hakuwa na kitu. Alikuwa na gando lake kubwa. Akalishika kwa lile dogo, akajikaza, akalikunja. Ka! Likakatika.

"Kuleni."

"Nini hiki?"

"Kuleni, msiulize!"

Wakala. Kidogo kidogo, kila mmoja kipande. Wakaanza kusimama. Wakaanza kuchimba, na Siwatu akachimba nao kwa gando moja, damu inamtoka. Kwangua, kwangua. Tope likatikisika.

"Shika mguu wangu, nikuweke juu ya tundu," Machano akasema. "Likifunguka litakurusha. Ukifika huko juu, uwaambie tupo."

"Nitawaambia."

Bubububu… BUUUU!

Tundu moja likafunguka, maji ya moto yakalipuka, yakambeba Siwatu kama unyoya. Na katika kupanda kule, mayai yakapasuka. Chwi! chwi! chwi! Watoto wake wakatoka, wadogo kama vumbi. Wengine wakapanda naye. Wengine wakarudi chini kizani. Siwatu alinyoosha miguu yote awakusanye, asiweze. Alilia akipanda.

Akaibukia chini ya Jamvi kwa kishindo. Watu wakakimbilia.

"Fungueni majani!" Siwatu akapiga kelele. "Chini kuna watu! Wanakufa njaa, na joto letu liko mikononi mwao!"

Bwana Chewa akacheka. "Kaa ameumia, anaweweseka. Tukifungua, Jamvi litapungua, tutazama."

"Tutazama kwa kuoza!"

Siwatu hakungoja. Kwa gando lake dogo akaanza kukata nyuzi. Kwacha, kwacha. Chewa akamjia mdomo wazi. Pweza akajitupa katikati.

"Mafundo haya nimeyafunga mimi, Bwana," Pweza akasema. "Nitayafungua mimi."

Akafungua. Fungua, fungua, fungua. Mama Kasa akaja, akang'ata. Mama wa vile vitoto vya samaki wakaja, wakang'ata. Shehena ya majani yaliyooza ikamomonyoka, ikazama, pole pole, kama mvua. Jamvi likainuka, likapumua. Bwana Chewa akabaki ameduwaa, hana wa kumwamuru.

Wakangoja. Wengine wakaanza kunung'unika kwamba wamedanganywa. Kisha Mama Kasa akasema, "Nyamazeni." Fuu… Joto likawafikia matumboni.

Mwani ukarudi kijani. Watoto wa Siwatu waliopanda naye walikua, wakafanya fujo yao. Lakini wale waliobaki kizani hakuwajua kwa sura wala kwa idadi. Mpaka uzee wake alikuwa akienda ukingoni, kwaru-kwaru, anachagua majani mabichi, mazuri, ambayo hayajazeeka, anayaachia mwenyewe.

"Hayo bado mazima, Siwatu!" wakimwambia.

"Najua," akisema. Akiachia jingine.

Basi, wasikilizaji, funzo ni hili: unachokiachia kinamlisha mtu usiyemwona, na huenda huyo ndiye anayekulisha wewe. Ukimnyima yeye, umejinyima mwenyewe.

Hadithi yangu imetua hapo. Aliyeielewa amsimulie mwenzake, na aliyelala aamshwe.