Pete ya Zahrani, Muuza Ubani

Hapo kale mji wa Tarnabu ulikuwa chini ya Sultani Numani bin Ghasani, mpole kwa kila mja ila kwa mwongo, na kwa mwongo, ndugu zanguni, hakuwa na msalie Mtume.

Katika mji huo aliishi kijana muuza ubani, jina lake Zahrani, na siku moja akifungua gunia aliona pete ya akiki, akaivaa, na mara sauti ikamwambia sikioni, "Labeka, bwana wangu. Mimi ni jini niliyefungwa peteni, na kazi yangu ni kujibu. Uliza lolote, nami sisemi uongo."

Basi akauliza dawa za kikohozi, na majina ya nyota, na hukumu za mirathi, na watu wakaanza kumjia barazani. Mwanzoni alingoja jini amalize ndipo naye aseme. Baada ya miezi mitatu alizoea hata akaona maneno yale yanatoka kichwani mwake mwenyewe, na akivua pete kuoga, hubishana na watu hamamuni kana kwamba angali anayo. Hakuwa mlaghai, maskini. Alijiamini kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Jirani yake, Thuraya binti Haidari, aliyeunga mifupa kama marehemu babake, alimtania. "Zahrani, umekuwa bingwa wa kila kitu, na mikono haijachafuka hata kidogo!"

"Elimu ni kichwani, Mwana Thuraya," alimjibu, kwani alimpenda na alitaka amwone mkubwa.

Siku moja Akrami, mtoto wa pekee wa Sultani, mwenye miaka minane, alianguka kutoka juu ya farasi akavunjika muundi. Sultani akakusanya watu barazani kwake, akauliza, "Nani atamuunga mwanangu?" Zahrani akasimama, wala pete hakuiuliza, akasema, "Mimi, Maulana. Mifupa yote naijua kwa majina."

"Vyema. Akitembea sawasawa, nitakutajirisha. Akiwa kiguru kwa mikono yako, utanipa shingo yako."

Akaingizwa chumbani. Mtoto alikuwa amelala, jasho linamtoka, akamshika kidole na kumwambia, "Ami, utanivuta polepole?" Zahrani akaugusa mguu, akakuta uvimbe na moto, na chini yake hakujua upi mfupa na ipi nyama. Akamnong'oneza jini, "Nifanyeje?"

"Vuta, kisha bana mpaka mfupa ukae mahali pake."

"Nivute kwa nguvu gani?"

"Nguvu ya kutosha."

"Nitajuaje umekaa?"

"Mkono utakwambia."

Akautazama mkono wake, na mkono haukumwambia kitu. Akauliza tena, "Niambie kweli. Mimi najua kuunga mfupa?"

"Miezi yote hii nalingoja swali hilo, bwana wangu," jini akasema kwa huruma. "Hujui."

Lo! Aibu iliyomshika siwezi kuieleza. Angeweza kubahatisha, lakini kidole chake bado kilikuwa mkononi mwa mtoto. Akatoka, akaanguka miguuni pa Sultani. "Maulana, shingo yangu hii hapa. Nilidhani najua, kumbe nasikia tu. Mwite Thuraya binti Haidari, upesi."

Thuraya akaja, akafumba macho, akapapasa, akamuuliza mtoto jina la farasi wake, na kabla hajamaliza kulitaja akavuta mara moja, mfupa ukaingia. Baada ya siku arubaini Akrami alikuwa anakimbia.

Sultani akampa Thuraya nyumba na dhahabu, kisha akamgeukia Zahrani. "Ulinidanganya, lakini ulijirudi kabla hujamvunja mwanangu mara ya pili. Shingo baki nayo. Mikono yako ni ya binti huyu miaka saba, akufundishe."

Akafundishwa, akakemewa, akachafuka, na mwaka wa saba Thuraya akakubali posa yake, Sultani akawafanyia harusi na kuwatunza mali nyingi. Pete hakuitupa, aliitundika msumarini, na majina ya mizizi bado aliiuliza. Kuambiwa si kujua, wenzangu, na mwenye kuambiwa asisahau nani kamwambia.

Na mgonjwa alipoletwa, jamaa zake wakauliza kama atapona, Zahrani alikunja mikono ya kanzu akasema, "Sijui bado. Lete mguu niushike."