Mkono wa Kumwingiza Subilaga

Hapo zamani, wanangu, sogeeni karibu, na wewe acha kumfinya mwenzako, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa. Wanawake wa huko walifinyanga mitungi, wakaianika, wakaichoma kwa nyasi na kuni, wakaipeleka sokoni.

Kanisa lao lilikuwa dogo, na lilikuwa na desturi yake. Mtu mzima akitaka kubatizwa, kwanza alisema mbele ya wazee maneno ya Biblia aliyoyashika moyoni. Kisha alikuja amebeba kichwani maji ya ubatizo wake, ndani ya mtungi. Mkono mmoja ulishika mtungi. Mkono wa pili ulishikwa na mtu mmoja tu, yule aliyemfikisha kwenye furaha ya Bwana. Mtu huyo alimwingiza mlangoni, na tangu siku hiyo aliitwa mzazi wake mpaka kaburini.

Katika kijiji hicho aliishi mjane mfinyanzi, Subilaga. Mwaka mmoja homa ilimchukua binti yake wa pekee, Tuntufye. Mwaka huohuo mihogo ikaozea shambani, mbuzi wakafa zizini. Subilaga hakucheka tena. Alifinyanga, alikula, alilala. Basi.

Alfajiri moja Tumpe, dada wa marehemu mumewe, akaja na Biblia.

"Wifi, mikono yako ina kazi, lakini masikio hayana. Ngoja nikusomee."

Akamsomea alfajiri ile, akamsomea na alfajiri nyingine, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Subilaga alikanda udongo tu, kama hasikii. Mpaka Tumpe alipofika kwa nabii Habakuki, yule asemaye kwamba hata mtini usipochanua, hata shamba lisipotoa chakula, hata zizi likibaki tupu, yeye atamfurahia Bwana.

Mikono ya Subilaga ikasimama.

"Rudia."

Tumpe akarudia.

"Huyo mtu ananijua," Subilaga akasema. "Alikuwa wa upande gani? Wa ng'ambo ya mto?"

"Alikuwa nabii, wifi!"

"Basi alikuwa nabii aliyefiwa. Nataka kubatizwa, na maneno hayo ndiyo nitakayoyasema."

Aliyashika upesi. Mtini aliusema. Shamba alilisema. Zizi alilisema, na sauti yake haikutetemeka. Alipofika kwenye furaha, kinywa kikafungika.

"Sema tu, wifi, yaishe!" Tumpe akamhimiza. "Mstari ni mstari."

"Zizi tupu nalijua. Furaha hiyo siijui. Nimdanganye Mungu nyumbani kwake?"

Siku ya kupimwa ikafika. Mbele ya wazee, Subilaga akasema mtini, akasema shamba, akasema zizi, akanyamaza.

"Amesema karibu yote," mzee mmoja akasema. "Apite."

Mwalimu Asajile, aliyefundisha darasa la ubatizo, akakataa. "Amesimama mahali pa kweli. Tukimsukuma, ataanguka. Tumngoje."

Pasaka ile wenzake wakabatizwa. Subilaga alisimama nje akilia, na watu wakamlaumu mwalimu kwa moyo mgumu. Lakini kila baada ya darasa mwalimu alifika uani kwake, akaketi juu ya gogo, akauliza, "Leo?"

"Bado, mwalimu."

"Basi tuombe kutokea hapo ulipofika."

Wakaomba pamoja: Bwana, zizi ni tupu. Hawakuongeza neno. Mwalimu akainuka, akaenda zake.

"Umechoka?" alimuuliza siku moja.

"Nimechoka, ila siondoki. Nimeukalia mstari huu kama kuku juu ya mayai."

Sasa jirani yake, Bupe, alikuwa mfinyanzi pia, mwenye ulimi mkali. Alibatizwa utotoni, lakini kanisani alikwenda kusalimiana. Walikuwa hawasalimiani vizuri tangu walipogombania shimo la udongo.

Kwa kutumaini siku yake itafika, Subilaga alifinyanga mtungi wa ubatizo wake, akauweka pamoja na mingine kuichoma. Wingu likatanda. Akaona mvua itamwahi, akawasha moto.

"Mitungi hiyo bado mibichi!" Bupe akapiga kelele kutoka kwake.

"Angalia yako!"

Pu! Pu! Mmoja ukapasuka, na mwingine, na mwingine, mpaka ule wa ubatizo.

Moto ulipofifia, Bupe akaja, mikono kiunoni. "Si nilisema? Mimi ni kasuku, naongea bure?"

Subilaga alikuwa ameketi penye majivu, ameshika kifuani kigae kilichopoa kama mtu anayempakata mtoto. Bupe akamtazama. Akakunja kitenge chake kipya, akaketi palepale kando yake, juu ya kigae cha moto.

"Mama yangu wee!"

Akaruka, akazunguka uani akijipiga makalio, kitenge kinafuka moshi. Na Subilaga akacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yale yakawa ya Tuntufye, naye akaendelea kucheka. Bupe akacheka. Bupe akalia. Mwishowe Subilaga akajifuta, akasema polepole:

"Hata mtini usipochanua. Hata shamba lisipotoa chakula. Hata zizi likibaki tupu. Hata mitungi ikipasuka yote, mimi nitamfurahia Bwana." Akamgeukia jirani yake. "Bupe, nimelisema. Na ni kweli."

"Umesema nini?" Bupe akauliza. "Mimi naungua huku."

Bupe akampa udongo wake mwenyewe. Mtungi mpya ukafinyangwa, ukakaushwa nyumbani kwa Bupe, na kila Subilaga alipotaka kuwasha moto, Bupe alisema, "Leo hapana." Ulipokauka kweli, ukachomwa, ukatoka mzima.

Subilaga akayasema maneno yote mbele ya wazee, sauti yake ikafika nje. Jumapili akasimama mlangoni, maji kichwani, mkono mmoja juu ya mtungi. Wakatokea watatu.

"Mkono huo ni wangu," Tumpe akasema. "Bila mimi asingemjua Habakuki. Nilisoma alipokuwa hasikilizi, nikasoma tena."

"Ukamwambia aseme uongo yaishe," Bupe akamrushia.

"Na wewe ulikuja kumcheka! Unajua mstari hata mmoja?"

"Sijui. Lakini alicheka akiwa na nani? Na huo mtungi ni udongo wa nani?"

Mwalimu Asajile akasema kwa upole, "Mimi sikumpa neno, wala sikumpa kicheko. Nililinda kinywa chake kisiseme uongo, nikakaa naye pale alipokwama. Angepita Pasaka ile, leo angekuwa na ubatizo bila furaha."

Mchungaji akatikisa kichwa. "Desturi inataka mtu mmoja. Mimi simchagulii."

Subilaga akawatazama wote watatu. Alijua kwamba wawili watabaki nje ya mkono wake, na maji yalikuwa mazito kichwani. Akaunyosha mkono.

Haya, wanangu. Mmoja alimpa neno. Mmoja alimngoja asiseme uongo. Mmoja aliketi naye penye majivu. Msinijibu haraka, na atakayejibu aseme na sababu yake. Je, nani alistahili kuushika mkono ule?