Zimwi Lililoshiba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zenu ndogo? Mimi ndiye niliyechoka, si ninyi. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na chemchemi juu ya kilima cha Kitondwe, maji yake safi mpaka mawe ya chini unayaona. Chini ya kilima aliishi mjane, jina lake Mize. Alikunywa maji hayo, akamwagilia mchicha wake kwa hayo, wala hakuwa na mengine.

Watu wa mjini wakapapenda. Kila Ijumaa walipanda kwenda mandari, na masufuria ya pilau, na ngoma, na miwa. Jioni walishuka mikono mitupu. Mifupa, makapi ya miwa, vifuu na chupa waliviacha majini. Wakirudi, wanakuta pamekuwa safi.

"Chemchemi hujisafisha yenyewe," walisema.

Siku moja Mize alichelewa kuteka maji. Akaona zimwi kubwa limeinama, linakula. Halikula watu. Lilikula makapi na chupa, polepole, kama mtoto anayelazimishwa kumaliza uji.

Mize akaliuliza kwa nini linakula uchafu. Likamwambia kwamba limezaliwa humo majini na halina kwao pengine.

"Lakini nimechoka, mwanangu," likasema. "Waambie wachukue vyao."

Basi Mize akawangoja njiani, akawaeleza kwa upole. Wakampa sahani ya pilau. "Chemchemi hujisafisha yenyewe, mama."

Ijumaa ya pili akawapigia magoti. "Chemchemi hujisafisha yenyewe, mama."

Ijumaa ya tatu palikuwa na harusi, wakaja wengi, hata wa kumsikiliza hakuwapo. Jioni zimwi likatoka majini mbele ya watu wote, tumbo linaburuta chini. Watu wakakimbia, wakipiga kelele kwamba wataliwa.

"Msikimbie," likasema. "Nimeshiba."

Likalala pale pale maji yanapotokea, likafa. Tumbo likapasuka. Najua mlichozoea, tumbo la zimwi likipasuka hutoka watu wazima wazima na ng'ombe wao. Katika la hili vilitoka vifuu, mifupa na chupa za miaka yote, vikaporomoka, vikaziba maji. Inaniuma kila nikisimulia.

Mchicha wa Mize ukakauka. Yeye akapanda kilimani na jembe, akawa anafukua peke yake.

Basi siku moja wale watu wakarudi. Mize akadhani wamekuja kumsaidia, akasogea kando kuwapa nafasi. Wakampa pole nyingi. Kisha mmoja wao akauliza:

"Mama, hapa jirani hakuna chemchemi nyingine nzuri kama hii?"

Mize akainama, akaendelea kufukua.

Hadithi yangu inakomea hapo, wanangu. Mahali unapopapenda, ondoka na uchafu wako. Usipouondoa wewe, kuna mwenzio anaula.