Jiwe la Karantini

Kilima cha Kwemvumo hakikuwa na mazoea haya kiliyonayo sasa. Kuna wakati mwanamume wa huko hakuthubutu kumtolea mama mkwe wake sauti. Wakikutana njiani, aliingia migombani akampa mgongo mpaka apite. Hata kama moto ungeshika nyumba ya mkwewe, angetafuta mtu mwingine wa kupiga kelele. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na hakuna aliyeiona kuwa mzigo.

Kisha ndui ikaingia. Bwana afya alifika na askari wawili, akafunga kamba ya mkonge njiani, kando ya jiwe pana, akatamka neno moja: karantini. Nyumba sita zikabaki ng'ambo ya kamba. Mojawapo ilikuwa ya Namkunda na mumewe Kiondo. Namkunda alikuwa tayari ana homa. Mtoto wake wa miezi mitano alikuwa mzima, akapitishwa juu ya kamba hadi mikononi mwa bibi yake mzaa mama, Nakijwa.

Nakijwa alikwenda kwa Mwalimu Sekiete kuuliza maana ya neno lile.

"Ni siku arobaini, mama. Waingereza waliliokota kwa watu wa bandari za mbali. Meli ikitoka penye tauni, ilizuiwa majini siku arobaini kabla mtu hajakanyaga nchi kavu."

"Na waliokuwa ndani?"

"Walingoja."

"Nimeuliza kama walipona."

Mwalimu alitazama chini. "Wengine."

Nakijwa akatia kokoto arobaini kibuyuni, na kila asubuhi akawa anatoa moja. Alipika makande, akaweka chungu juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua ishirini. Namkunda alishuka, akachukua.

"Nimepokea, mama! Mwanangu analia?"

"Analia kwa pua, kama baba yake."

Namkunda alicheka. Ilikuwa siku ya tatu.

Siku ya tisa sauti yake ilikwaruza. "Koo limejaa, mama. Usingoje niitike. Weka chakula uende. Nikishakula nitarudisha chungu jiweni nimekifudikiza. Ukikikuta hivyo, ujue nipo."

Tangu hapo Nakijwa hakuona mtu, ila chungu alikikuta kimefudikizwa kila siku. Aliketi karibu na jiwe akaiambia migomba ya ng'ambo habari za mtoto: jino la kwanza, kikohozi kilichopita, namna alivyomng'ang'ania shingoni. Mara mbili aliishika kamba ili avuke, na mara mbili mtoto alijinyoosha mgongoni mwake, naye akaiachia.

Kokoto ya mwisho ilipotoka, askari alikata kamba. Nakijwa alipanda mbio, mtoto mgongoni. Kiondo alikuwa ameketi mlangoni, uso umejaa makovu, jicho moja jeupe. Kando ya nyumba palikuwa na tuta la udongo, na majani juu yake yalikwisha kufika kwenye kifundo cha mguu.

Kiondo aliinuka akampa mgongo, kama ilivyopasa.

"Tangu lini?"

Kiondo alisogea karibu na ukuta.

"Kiondo! Nakuuliza mimi."

Hakuna mama mkwe aliyewahi kulitaja jina la mkwewe namna ile. "Siku ya kumi na mbili," alisema Kiondo, akiuelekea ukuta.

"Na chungu?"

"Ni mimi. Nilimwona akikifudikiza, nikadhani ndivyo unavyotaka kirudishwe. Ningekuambiaje, mama? Wewe ni mkwe wangu. Habari za jino nilizisikia. Nilikuwa nyuma ya migomba."

Nakijwa aliketi chini. Siku ishirini na nane alikuwa amemsimulia marehemu.

"Geuka," alisema hatimaye. Kiondo akageuka, naye akamfungua mtoto mgongoni, akampa.

Na tangu siku hiyo, ingawa kamba imeoza zamani, jiwe lile linaitwa Karantini. Apelekaye chakula kwa mgonjwa Kwemvumo haondoki mpaka asikie sauti ya aliyekipokea, na mkwe huitika kama mtu mwingine yeyote. Watu wa vilima vingine husema wakwe wa Kwemvumo hawana adabu. Waache waseme. Huko, anayepokea hutaja jina lake kwa sauti, na kama aliyeletewa chakula hayupo tena, hulisema hilo papo hapo, hata kwa mama yake.